Mshenga

Jacinta Neón hajatoa kitu, huu mwaka wa tatu.
Wengine wanasema ameolewa, wengine, sauti imemkauka.
Mimi naosha mabasi ya jiji la Winnipeg,
Januari, saa nane usiku, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na albamu yake ile moja nimeikamua hadi machicha:
najua wapi anavuta pumzi, wapi kinanda kinakwaruza,
wapi ngoma ya umeme inajikwaa kidogo
kama mtu aliyesahau ngazi ya mwisho.

Simu inanihurumia.
"Ukimpenda huyu, utampenda na huyu,"
inaniambia, kama mshenga mwenye haraka
mwenye mabinti saba wa kuozesha kabla ya Ijumaa.
Basi naletewa.
Wa kwanza: sauti nyororo, haina kovu.
Wa pili kavaa hata nywele za Jacinta, buluu ile ile,
anaimba kama mtu anayejaribu koti dukani
huku akiichungulia bei.
Wa tatu nilimzima mlangoni.
Nikakaa kiti cha nyuma cha basi namba kumi na sita,
ufagio mapajani, kama mfiwa
anayeletewa mdogo wa marehemu
na kuambiwa: tazama, pua si ile ile?

Yesenia ndiye aliyenicheka.
Mtu wa El Salvador, mwaka wa kumi na tisa gerejini,
hupangusa vioo kwa magazeti, haamini dawa za chupa.
"Unatafuta uso," akasema kwa Kiingereza chetu cha kuazimana.
"Tafuta kilichokuuma."
Akaniuliza neno la kwanza nililolishika kwa Jacinta.

Nikaona haya. Neno lenyewe ni pesa.
Analirudia mara kumi na mbili, me pesa, me pesa,
na mimi mwaka mzima nikidhani tunalia pamoja:
kodi, bili ya hita, za kutuma nyumbani.
Yesenia akaishika nguzo ya basi asianguke.
Si fedha, akasema. Ni uzito. Inanielemea.
Akaweka kiganja kifuani, glavu ikidondosha maji.
Sikuona nimekosea sana.

Tukaanza kuhesabu, basi kwa basi:
mesa ni meza, bandera ni bandera yenyewe,
carta si karata, ni barua.
Ingawa, akasema, ukiwa mbali ni yale yale,
unaitupa mezani na kungoja mwenzio acheze.

Saa kumi na moja akanipa kisikilizi kimoja,
cha kushoto. Jina hakusema.
Mwanamke mtu mzima, sauti ina vumbi,
haifanani na Jacinta hata kwa kuazima.
Kinanda kimoja cha bei rahisi,
vile vya harusini, vyenye vitufe vya rangi.
Nikajiandaa kusema asante, si mbaya.
Kisha, kabla ya kiitikio, kila kitu kikanyamaza,
si sana, kiasi cha mtu kumeza mate,
na ngoma ikarudi imechelewa, imeikosa ngazi.

Basi zima likatetemeka, au ni mimi.

Asubuhi nikamtafuta simuni. Mshenga akakuna kichwa:
hakuna wa kufanana naye kwa sasa.
Vizuri. Nikapanda basi nililoliosha mwenyewe,
kioo cha Yesenia hakina hata alama ya kidole,
nikarudia ile nafasi tupu mara nne kabla ya daraja,
mto umeganda, watu wanatembea juu yake na mbwa wao.

Kesho zamu yangu kumletea.
Nimeshachagua: harusi ya shangazi Mwanakombo, Tanga,
kanda ya zamani, binamu kaihamishia kwenye simu.
Katikati ya wimbo wa tatu utepe ulikatika
wakauunga kwa rangi ya kucha,
na hapo, kila mara, bi harusi anaingia ukumbini
akiwa amechelewa nusu hatua.