Tumbawe Namba Kumi na Saba

Thelathini na moja nukta nane.
Naandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki,
pumzi zikinipanda vipovuvipovu.
Wiki ya tatu, homa ya bahari haijashuka.

Mgeni wa hoteli ya Nyali aliibuka akishangilia:
"Kule chini kweupe, kama harusi!"
Mwanamkuu, mwenzangu wa mashua,
akavuta nanga, kimya.

Nyumba ya nyanya, Kibokoni, kuta zake ni matumbawe;
Idi ikikaribia twazipaka chokaa, twazisifu.
Weupe ule hauombi chochote.
Huu una vinywa,
na vina njaa.

Namba kumi na saba bado ina doa la kahawia,
upana wa kidole gumba.
Nimelipima mara mbili.