Kitabu cha Wageni

Bohari ya Shekue, njia ya Ganda, nje kidogo ya Malindi:
mahindi kushoto, mbata kulia, na katikati
kiti changu, tochi, na daftari lenye safu nne.
Jina. Atokako. Shida yake. Saa ya kutoka.
Mchana watu huandika. Usiku hakuna mtu,
ni panya tu, na wao hawakusomeshwa.

Alikuja mwezi wa tatu, kabla ya mvua.
Nilidhani ni kipande cha kamba kuukuu
mpaka kamba ikavuta pumzi.
Kifutu. Mnene kama kigasha cha mpagazi,
mgongoni tepe za usajini,
moja nyuma ya nyingine hadi mkiani.
Nilinyanyua rungu. Nikalirudisha chini.
Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa yeye alikuwa kazini
na mimi nilikuwa nimesinzia.

Siku kumi na moja hakujongea.
Nilihesabu kwa chaki ukutani.
Mbwa wa Shekue alipita hatua moja kando yake,
akanusa gunia, akanusa kiatu changu, akaenda zake:
yule hana harufu, amejifuta hewani.
Ulimi tu, mara mojamoja,
ukilionja giza.

Usiku wa kumi na mbili, panya dume,
yule mwenye kovu sikioni,
alishuka kwa njia yake ya kila siku.
Hapo ndipo nilipoelewa: nyoka hakutafuta panya.
Alitafuta njia.
Pigo sikuliona. Niliona kabla, nikaona baada.
Akamwachilia akimbie,
hatua saba, nane, kisha miguu ikasahau kazi yake.
Wala hakumfuata mbio.
Alionja sakafu, wayo kwa wayo,
kama mtu asomaye barua kwa kidole,
akamkuta nyuma ya mizani.
Kichwa kwanza, ili manyoya yalale.
Taya upande wa kulia likapiga hatua, upande wa kushoto ukafuata,
mdomo ukitembea juu ya chakula,
hadi mkia wa panya ukabaki nje
kama uzi mdomoni mwa fundi cherehani.
Kisha akapiga mwayo.
Nami nikapiga mwayo.

Wiki tatu hakuomba kitu.
Mimi nilipwaye mwisho wa mwezi
na kukopa unga kwa Mbodze kuanzia tarehe tano,
nilimtazama kwa haya, na kwa kijicho kidogo.
Nikafungua daftari.
Jina: Kifutu. Atokako: kichakani. Shida yake: chakula.

Shekue akaja na pakiti za sumu, punje za rangi ya waridi.
"Panya wamepungua, Thoya, lakini nataka waishe.
Mwaga kila pembe."
Nikamwaga kila pembe.
Jua lilipozama nikawaza: panya aliyelishwa sumu
atapita njia ileile,
na anayengoja njiani hamuulizi mtu amekula nini.

Nilipiga magoti na tochi mdomoni,
nikaziokota punje mojamoja, mia mbili na ushei.
Nilipokikaribia kichwa chake akajaza pumzi,
akaitoa kama gurudumu la lori lililochomwa msumari.
Nikamwambia, taratibu, ni mimi, wa zamu.
Zote nikazitupa chooni.
Zote nilizoziona.

Mvua ikagonga mabati siku mbili, usiku na mchana.
Ilipokatika, nyuma ya mizani palikuwa patupu.
Vumbini mstari mmoja tu, umenyooka kama wa rula,
maana wa aina yake akishiba hajipindi, hujikokota mbele,
na mgonjwa sijui hutembeaje.
Mstari ulifika mlangoni, ukaishia kwenye tope.

Jana panya alipita juu ya magunia bila haraka.
Wageni wanapokuja kutia sahihi
huuliza nani huyu aliyeingia mwezi wa tatu
na safu ya nne haikujazwa.
Nawaambia andikeni chini yake,
msimguse.