Gia ya Ngapi

Mji unaandikwa Keighley, unatamkwa Kithli.
Miaka kumi na tisa naishi hapa, na bado kalamu
hujikwaa kwenye zile herufi zisizofanya kazi.
Pikipiki niliuziwa na mjane wa mtaa wa juu, Bi Maureen,
kwa paundi mia tatu na ahadi ya kutoipaka rangi nyingine.
Ya mwaka sabini na nane. Gia tano.
Kila nifikapo barabara ya Skipton
mguu wa kushoto huitafuta ya sita,
huinua pedeli, huinua tena,
kama mtu apandaye ngazi gizani
akakanyaga kidato ambacho hakikujengwa.

Tulianza kazi Jumapili, bandani, mvua ikiwa mvua.
Bwana Iftikhar wa nyumba ya pili, fundi mstaafu wa mashine za sufi,
alikuja na pasi yake ya kulehemu, amevaa miwani juu ya miwani.
Tukafungua kifuniko cha ubavuni.
Kwenye ncha ya ngoma igeuzayo gia
tukabandika sumaku ndogo kuliko punje ya dengu,
na kuizunguka, nusu duara, swichi sita za kioo:
moja kwa kila gia, na moja ya frii.
Waya tulinyofoa kwenye redio mbovu.
Kisanduku ni kopo la peremende za kikohozi.
Tarakimu yenyewe ni vijiti saba vya mwanga mwekundu,
vikiwaka hivi ni mbili, vikiwaka vile ni tano.

Salha alisimama mlangoni, kikombe mkononi.
"Baba, kwani mguu haujui?"
Unajua, nikamwambia, ila unachelewa kusema.

Sikumwambia habari za Machi kule zahanati,
muuguzi na uzi wake wa plastiki, mwembamba kama unywele wa brashi,
akigusa kidole gumba: unasikia?
Akigusa kisigino: unasikia?
Nilifumba macho kama alivyoagiza,
nikawa nasikiliza pumzi zake, nikijibu ndiyo
kila alipotulia.
Mara kumi. Nilipatia nne.
Sukari imeanzia chini,
kama unyevu unavyopanda kuta za nyumba hizi za mawe.

Lugha yetu ina neno moja tu, kusikia.
Sikio husikia, ngozi husikia, hata pua husikia harufu.
Mguu wangu ndio kiziwi.
Pedeli inagonga tak chini ya buti
na mimi, mwenye mguu, sina habari.

Basi tulipowasha, frii ikaandika sifuri,
na Iftikhar akapiga makofi kama kaona mtoto akisimama dede.
Nikakanyaga: moja. Nikainua: mbili.
Kati ya mbili na tatu taa huzima,
kiasi cha kupepesa jicho,
meno yameachana na hayajakutana.
Sikulirekebisha hilo. Lilikuwa kweli.

Wiki ya tatu, kilimani, mvua ya kulala
ikaingia koponi, na vijiti vyote saba vikawaka pamoja.
Nane!
Nilicheka hadi kioo cha kofia kikashika ukungu.
Halafu nikanyamaza, nikaisikia injini
ikiguna nzito, ikiomba kushushwa.
Nikashusha. Sauti ikapanda.
"Tatu," nikasema kwa nguvu, na hapakuwa na wa kubisha
ila kondoo wawili kwenye uzio.

Nyumbani nililikausha kopo kwa mashine ya nywele ya Salha.
"Inasemaje?"
"Bado inasema nane."
Hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
macho yake chini, kwenye buti langu la kushoto
nililolikunja nyuma nikipiga goti.
Akanyoosha kidole. Kwenye soli
msumari, umezama hadi kichwa.
"Baba," akasema polepole,
"huu una siku ngapi?"