Fomu ya Malalamiko

Manispaa ilinituma na futi kamba na fomu,
mtaa wa juu, Kutaisi, Novemba, mvua ya kivivu.
Jirani kalalamika: nyumba ile inatia aibu,
mkwe mtarajiwa kaja kuposa
kauliza kama pale ni hospitali ya vichaa.

Geti ni mlango wa friji.
Ulifunguka kwa kinyongo, kama friji zote,
na ndani, badala ya maziwa, bustani.

Niandike nini? Fomu ina mistari minne.
Mabafu mawili, yamezikwa hadi kiunoni, yamejaa vitunguu.
Ukuta wa mashariki: vifuniko vya sufuria,
mia na kitu, na sufuria hata moja.
Ukuta wa kaskazini: vioo vya mabasi ya umeme.
Nazibrola aliyaendesha miaka ishirini na sita
hadi wezi walipokata nyaya wakauza shaba.
Ukipita hapo unajiona vipande,
sikio huku, begi kule,
na kila mara, nyuma yako, mkomamanga uliovalishwa soksi.

"Soksi za nini?"
"Baridi."

"Nyumba ina umri gani?"
"Kaijenga babu yake mume wangu.
Tangu hapo kila kizazi kimeongeza kosa lake."

Juu ya mlango, meno ya bandia ya marehemu Guram,
yamepakwa rangi ya dhahabu.
"Maisha yake yote alikuwa hacheki," akasema.
"Sasa anapokea wageni."
Nilitazama chini, nikapima kizingiti ambacho hakuna aliyeniagiza kukipima.

Kisha mvua ikakaza.
Kandokando ya paa, mabuli kumi na tisa
yakaanza kumimina,
la bati kwa pupa, la kaure kwa adabu,
la bluu, lenye ufa, likikoroma puani.
Chini yake vikombe, ndoo, kofia ya chuma ya jeshi fulani
lisilokuwepo tena.
Ng'ambo ya uzio nikamwona mlalamikaji mwenyewe,
Tengizi, mwavuli mkononi haujafunguliwa,
kasimama akisikiliza.
Aliponiona akajifanya anatafuta paka.

Nilikunywa chai. Nikapewa jozi mfukoni.
Akaisifu futi kamba yangu, akasema ikichakaa nisiitupe.

Ofisini nikajaza:
Urefu wa uzio, mita kumi na moja.
Kasoro iliyoonekana: buli la tatu kutoka kushoto limelegea.
Lirekebishwe kabla ya theluji.