Bomba la Inchi Nne

Sanduku lilifika Jumanne, refu kama jeneza la mbwa,
lina jina la Bohdan, lina anwani yangu,
na muhuri wa duka lisilojua kwamba Bohdan
alihama Oktoba, akaniachia ng'ombe thelathini na wawili,
deni la trekta, na pikapu ya dizeli inayokohoa mlimani.

Sikulirudisha. Kilichofika kwangu ni changu.

Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Huku Two Hills, Machi ni jina tu kwenye kalenda.
Nimewasha hita ya gereji tangu alfajiri,
nimeiinua pikapu kwa jeki, nimeiweka kwenye stendi nne,
nikalala chali juu ya kadibodi ya lile sanduku,
jina lake likiwa chini ya mgongo wangu.

Kutu haina adabu.
Nati nilizipaka mafuta jana usiku, na asubuhi tena,
kama mtu anayemkanda mgonjwa viungo.
Ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali kwa kelele.
Ya tatu, ile iliyojificha nyuma ya tabo
ambako mkono unafika lakini jicho halifiki,
ikavunjika bolti, shingo ikabaki kwenye spana.

Nikatukana kwa Kiukreni, lugha ya bibi,
maana Kiingereza hakina matusi ya kutosha kwa bolti.

Alphonse Cardinal akaja na mtungi wake wa gesi.
Hakusema pole, hakusema nilikuambia.
Akavaa miwani, akaichoma hadi ikawa nyekundu kama jicho la mlevi,
akaigusa kwa mshumaa, nta ikafyonzwa ndani,
kisha koleo, taratibu: nusu mbele, robo nyuma.
"Ukiiharakisha," akasema, "inakumbuka."

Bomba la zamani likashuka, masizi yote usoni pangu.
Nikalitazama kwenye taa.
Pale linapopita kando ya ukuta wa injini
kiwandani walilibonyeza, wakalifinya kwa makusudi,
lipate kupita bila kugusa kitu.
Miaka kumi na minane injini imepumua kwa mrija.
Nilikaa nalo mapajani kitambo.
Alphonse akajifanya anatafuta spana.

Lile jipya halikuingia.
Kutoka juu, halikuingia. Kutoka chini, halikuingia.
Tukalegeza vishikizo vya giaboksi, tukaishusha upana wa kidole,
nikasukuma, akavuta, nikavuta,
akasali kwa Kikrii, au alikuwa anahesabu, sijui.
Saa nane mchana, soseji baridi zimeliwa, tamaa imekatwa,
nikaligeuza robo duara bila kufikiri,
kama unavyogeuza ufunguo wa nyumba yako gizani,
likapanda lenyewe.

Gasketi. Klampu. Sensa kwenye tundu lake.
Kaza, lakini usikaze kama mwenye hasira.

Nilipowasha, moshi mweupe ulijaa gereji,
mafuta ya mikono yetu yakiungua juu ya chuma kipya.
Halafu sauti. Si ngurumo. Nzito tu, pana,
kama mtu anayefungua kifungo cha juu cha shati
akitoka mazishini.

Nikaipeleka kwenye mlima wa mtoni, marobota kumi ya nyasi nyuma.
Mwaka jana hapo nilishuka gia mpaka ya pili,
malori ya mafuta yakinipigia honi mgongoni.
Safari hii ilipanda kwa gia ya nne,
na mimi nikasahau kushikilia usukani kwa mikono miwili.

Jioni Bohdan akapiga simu. Habari za ndama, habari za theluji,
halafu, kama anayeuliza bei bila nia ya kununua:
kuna sanduku lolote lilikuja?

Kadibodi ipo, nikamwambia. Ina mafuta kidogo.

Nati moja imebaki mezani.
Alphonse anasema kila gari huwa na moja ya ziada.
Nimelala chini mara mbili na tochi, nikihesabu.
Bado sijui ni ya wapi.