Safu ya Mwisho ya Daftari

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo, mabwawa ya Al Ansab.
Maji taka ya mji mzima yamesafishwa, yakalazwa hapa,
nasi kwa adabu tunayaita ziwa.
Mundhir, daktari wa meno, ndiye wa kwanza kila mara,
darubini kifuani kama hirizi.
Ghalya anamburuta mwanawe, jicho moja bado limelala.
Bi Thuwaiba, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja,
miaka thelathini muuguzi wa zamu za usiku hapa Maskati,
kaja na hotipoti ya vitumbua.
Daftari ni langu. Mwandiko wangu unasomeka, basi.

Haya, semeni.

Keremkerem, anasema Mundhir, ishirini na saba,
wamepita juu ya nyaya za umeme, hawakutua.
Kambu mmoja, kifua buluu, hoi,
alikaa juu ya kibao cha mwendo kasi
kama mgeni aliyesahau nyumba anayokwenda.
Mbayuwayu? Wengi.
"Wengi" siandiki.
Basi mia mbili.
Mtoto kamwona hudihudi akichokoa nyasi za msikiti;
twamwambia huyo ni mkaazi, hahesabiki.
Mdomo unamtetemeka. Naandika, kwa penseli.

"Wote hawa wamepitia kwetu," anasema Bi Thuwaiba,
"na hakuna aliyenibebea hata shokishoki moja."
Tunacheka. Anafunika hotipoti.
"Na mimi nimemsikia dudumizi."

Mundhir anaweka kikombe cha karak juu ya boneti.
"Dudumizi havuki bahari, Bibi.
Mbawa fupi zile! Anaruka kama mtu aliyebeba ndoo."
"Sikusema kavuka. Nimesema nimemsikia."
"Wapi?"
"Matete yale."
"Saa ngapi?"
"Kabla ya adhana."
Kisha akatutolea mlio wenyewe:
du, du, du-du-du-du, ukishuka, ukishuka,
maji yakimiminwa kwenye chupa ya shingo nyembamba,
na mdomo wa miaka sabini na minne
ukawa ndiyo shingo ya chupa.

"Labda ni lori," Ghalya akasema polepole,
"lori la maji taka, likifungua bomba."
"Lori halivuti pumzi katikati."

Shafiqul, mlinzi wa lango, alikuwa kasimama na funguo zake,
Kiarabu chake cha kazini hakitoshi mabishano.
Akakohoa.
Akauliza kama bibi anaweza kurudia.
Bibi akarudia.
Akafumba macho, akaitikia, ule ule mteremko,
ila wake uliishia chini zaidi, kooni.
"Kubo," akasema. Barisali, nyuma ya jiko la mama yake,
kwenye mianzi, kila alfajiri.
Ana usiku wa nne akimsikia kwenye matete.
Mbona hukutuambia?
Akatazama viatu vyake.
Alidhani ni homa.
Alidhani ni ile homa inayowapata watu
mwaka wa pili bila likizo.

Sasa nina mashahidi wawili na ndege hayupo.
Mundhir anataka picha, au unyoya, au walau mavi.
Kitabu chake kinene kina ramani, na ramani
haimruhusu ndege huyu kufika hapa,
si kwa jina la Unguja wala kwa la Barisali.
Ana haki. Naijua haki yake.
Safu ya mwisho imeandikwa ALIYEONA.
Nikaikata kwa wino, juu yake nikaandika: waliosikia.
Thuwaiba. Shafiqul.
Kwenye idadi nikaacha wazi.

Hapo ndipo lori likaingia langoni,
likarudi kinyumenyume, dereva akashuka na bomba.
Hakuna aliyesema nyamazeni.
Kitumbua cha Ghalya kikasimama nusu ya njia,
mtoto akashika pumzi, Mundhir akainamisha sikio,
na maji yakamwagika
moja kwa moja,
marefu, bila kituo.

Mundhir akachukua kalamu mkononi mwangu.
Hakuandika kitu.
Akawa anatazama matete.