Nge Ndani ya Kitenzi

Saa ya ukumbini wameisimamisha
saa sita usiku kasoro dakika nne,
ili Ijumaa isiishe kabla ya mkataba.
Zenon, fundi umeme, ndiye aliyepanda ngazi,
akachomoa betri, akaitia mfukoni
kama mvulana anayeficha sigara.
Nje ni Jumapili. Theluji ya Silesia inashuka,
juu ya paa nyeupe, ikifika chini kijivu.

Dorota anafagia.
Vikombe vya kahawa, beji zilizokatika kamba,
na karatasi, karatasi, rasimu juu ya rasimu,
kila sentensi imefungiwa ndani ya mabano
kama kuku wa mnadani.
Chini ya sakafu hii, mita mia sita,
baba yake alichimba makaa miaka thelathini na moja.
Mnara wa shimo wameuacha usimame;
siku hizi wageni huupanda kupiga picha.

Saa tisa usiku, saa ya kweli, ya simu yake,
akamkuta mwanamke kwenye benchi karibu na vyoo,
viatu kavua, miguu imevimba:
Nei Bwereata, mjumbe wa Kiribati.
Dorota akammiminia chai ya limau.
Kiingereza chao kilikuwa cha kuungaunga,
lakini uchovu hauhitaji mkalimani.
"Siku nne," akasema Bwereata,
"siku nne napigania neno moja."

Katika lugha hii ninayoandikia
si neno hata, ni silabi.
Mataifa yatapunguza hewa ukaa.
Mataifa yangepunguza hewa ukaa.
Mtu kapenyeza nge ndani ya kitenzi
usiku, wajumbe wa nchi ndogo wakisinzia,
na nge hana haraka,
mkia kaukunja, anangoja
mtoto ambaye hajazaliwa
aingize mguu kiatuni.

Kaburi la bibi yake, Bwereata akasema,
huingiwa na maji kila mwezi mpevu.
Wameihamisha mifupa mara mbili.
Ya tatu, hawajui waipeleke wapi.

Dorota alitaka kusema pole.
Alitaka pia kusema: nina kaka, Ginter,
yuko shimoni hivi sasa, ana mkopo wa nyumba,
na huo mkataba wako ukiota meno
utaanza kumng'ata yeye.
Hakusema.
Akaongeza chai. Bwereata akainywa yote,
akavaa viatu kwa taabu, kimoja, kisha cha pili,
akarudi ndani.

Kulipopambazuka, makofi.
Nyundo imegonga. Watu wazima wanakumbatiana,
mmoja analia kwenye tai ya mwenzake,
na Dorota, mlangoni na ndoo yake,
anamtafuta kwa macho mwanamke wa benchi,
hamwoni.
Zenon akapanda tena ngazi, akarudisha betri.
Saa ikaendelea pale ilipoachwa
kana kwamba siku mbili zile
hazikuchoma chochote.

Nyumbani, mtaa wa matofali mekundu,
jiko limezimika, madirisha yameganda kwa ndani.
Amekuja na mfuko wa rasimu:
karatasi nzuri, kavu, hushika moto kuliko gazeti.
Anazifinyanga moja moja chini ya makaa
ambayo Ginter hupewa juu ya mshahara.
Anabakiza moja. Ukurasa wa saba,
mstari wa kumi na nne: mtu, kwa kalamu ya kijani,
amemkata nge;
mwingine, kwa nyeusi, amemrudisha.

Anausogeza mlangoni mwa jiko.
Vidole vyake vimekufa ganzi.
Anaurudisha kifuani, anapuliza,
kiberiti cha kwanza kinazimika, cha pili kinashika,
mabano yanajikunja, yanafunguka, yanakuwa majivu.
Ukurasa wa saba anauweka chini ya kopo la chumvi.
Sijui kwa nini. Hata yeye hakuniambia.

Chumba kinaanza kupata joto.
Juu ya paa, kupitia bomba la matofali,
moshi unapanda,
mwembamba, wa kijivu,
hauna mabano.